TAHADHARI: Muuza "filta na miwani ya korona ya jua", Dar

Wakuu, kuna jamaa anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha wa hapa Dar, anauza seti ya miwani na filta ya kamera kwa shilingi 85,000. Anadai ukiwa nayo utaipiga picha korona ya jua, yaani ule mwanga hafifu unaolizunguka jua, ukiwa umesimama Coco Beach siku ya kupatwa kwa jua, tarehe 2 Agosti 2027. Shemeji yangu kashapigwa. Alituma hela yote kwanza, mzigo ukaja na bodaboda, alipoanza kuuliza maswali akablokiwa.

Tarehe ni ya kweli, na hapo ndipo anapowakamata watu. Ila kivuli kamili cha mwezi, pale jua linapofunikwa lote, kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor kule Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Sisi Dar tutaona jua limemegwa tu. Jua likimegwa, korona huioni: mwanga wake ni hafifu takriban mara milioni moja kuliko uso wa jua, kijipande kikibaki kinaumeza wote. Waliokwenda Rujewa, Mbeya, jua lilipopatwa Septemba 2016 waliona pete nzuri sana, ukingo wa jua uliobaki kuzunguka mwezi. Korona hawakuiona.

Sasa hiyo filta. Nimeishika: pembeni imeandikwa ND1000, yaani filta ya kawaida ya kupunguza mwanga. Hiyo tunapigia maporomoko ya maji! Inapitisha sehemu 1 kati ya 1,000 ya mwanga, wakati filta ya jua hupitisha kama 1 kati ya 100,000. Ukichungulia jua kwenye kamera ukiwa na kitu hicho, retina inaungua bila hata kuuma, kwa sababu haina neva za maumivu. Na anayekwenda Luxor kupiga korona yenyewe huitoa filta dakika za giza kamili, huirudisha jua kabla halijachomoza upya. Hakuna filta ya korona, bwana.

Miwani imechapwa "ISO" bila namba. Kiwango chenyewe cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua ni ISO 12312-2, ingawa hata hiyo tapeli anaweza kuichapa. Ivae mchana kweupe utazame barabarani: usione chochote. Kwa miwani ya shemeji nilimwona muuza chipsi ng'ambo ya pili na karai lake.

Kashafungua akaunti nyingine kwa picha zilezile. Akikutumia ujumbe, itume namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Uliyekwisha lipa, tunza ujumbe wa muamala uende nao polisi.