TAHADHARI: Laptopu za gemu "mpya" zenye stika ya RTX hapa Kampala

Ndugu zangu mnaoishi Kampala, hasa wanafunzi mliotoka Tanzania, Kenya na Kongo mnaokaa Kansanga, Kabalagala na Nsambya, someni hili kabla hamjatoa hela. Nimeuziwa laptopu ya kizazi cha mwaka 2019 kwa jina la laptopu mpya, na walioniuzia bado wako kazini. Juzi nimemwona kijana anashuka ngazi zao amekumbatia boksi kama lile lile, nikaumia.

Mdogo wangu anasomea utengenezaji wa katuni za 3D, na jioni anacheza gemu kama vijana wenzake. Mwalimu wake alimwambia atafute laptopu yenye kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu na 3D) ya RTX 4060. Tulizunguka maduka manne siku hiyo, na matatu yalitutajia zaidi ya milioni 5 za Uganda. La nne, ghorofa ya pili ya akedi (jengo la maduka) moja karibu na Old Taxi Park, wakasema milioni 4 na laki 2. Boksi limefungwa nailoni, muuzaji mchangamfu, Kiswahili chake safi: "Dada, mzigo umeingia juzi kutoka Dubai. Zimebaki mbili."

Nikamwomba anionyeshe kadi. Akaiwasha, akafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyotumika, akaweka kidole palipoandikwa GB 11.9. "Umeona, Dada? Wenzetu wanakuuzia ya GB 8. Hii inakaribia 12." Jina la RTX lilikuwepo pale juu kwa macho yangu. Nikalipa kwa simu.

Kwenye hiyo 12 ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. RTX 4060 ya laptopu ina GB 8, basi. Namba aliyonionyesha ilikuwa imejumlisha vitu viwili: kumbukumbu ya kadi yenyewe, na sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya laptopu nzima, ambayo Windows huiazima kadi inapozidiwa. Sehemu hiyo huwa karibu nusu ya RAM yote. Mashine yetu ina RAM ya GB 16, nusu yake ni 8. Toa 8 kwenye 12, zinabaki 4. Kadi yetu ni ya GB 4! Jibu lilikuwa palepale kwenye skrini, mstari wa pembeni unaoanza na neno Dedicated. Huo ndio wa kusoma. Ule unaoanza na Shared ni mali ya kuazima.

Usiku wa pili mdogo wangu akafungua gemu, picha zikawa zinakwamakwama na feni inanguruma kama kinu cha kusaga posho. Akapakua GPU-Z, programu ya bure inayoisoma kadi yenyewe badala ya kuamini jina lililoandikwa ndani ya Windows. Ikatoa GTX 1650, kadi iliyotoka mwaka 2019. Akapakua na CPU-Z, inayosoma prosesa, ule ubongo wa kompyuta: prosesa tuliyoambiwa ni i7 ya kizazi cha 13 ikawa i7-9750H, ya kizazi cha 9. Alipofuta kila kitu na kuweka Windows upya, lile jina la RTX likatoweka kabisa. Walikuwa wameliandika kwa mkono wao.

Asubuhi nikaikagua vizuri kwa mwanga wa dirishani. Stika ya RTX ilibanduka kwa ukucha, na chini yake kuna alama ya gundi ya stika nyingine iliyokuwa ndogo kidogo. Skrubu mbili za chini vichwa vyake vimelika. CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, ikaonyesha diski imeshawashwa kwa zaidi ya saa 9,000. Laptopu mpya haina habari ya saa 9,000. Ningekuta chache tu, za kiwandani na za kujaribiwa dukani, nisingesema neno.

Hata chaja ilikuwa inatuambia ukweli tangu dukani, ila hatukuisoma. Imeandikwa 20V na 6.75A. Zidisha, unapata wati 135. Laptopu nyingi zenye RTX 4060 huja na chaja za wati 200 na zaidi. Ukipewa chaja ndogo kiasi hicho halafu unaambiwa mashine ni ya nguvu, uliza kwanza.

Niseme na jambo la pili, maana hata duka lisilokuwa la wezi linaweza kukuacha na mashine dhaifu. RTX 4060 ya laptopu haina nguvu moja. Nvidia, wenye kadi za RTX, wamewaachia watengenezaji wa laptopu waiweke popote kati ya wati 35 na 115, kwa hiyo laptopu mbili zenye jina hilo hilo zinaweza kupishana sana. Ukifungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya System Information, wati zimeandikwa. Prosesa nazo, angalia herufi ya mwisho: H au HX ni za kazi nzito, U ni ya kutunza betri. Na AMD, kampuni nyingine ya prosesa, wamechanganya watu kwa namba zao: Ryzen 5 7520U ya kuanzia 7 inaonekana ya kisasa, lakini ndani ni teknolojia ya Zen 2, ile iliyoanza mwaka 2019. Katika namba hizo za elfu saba usidanganyike na tarakimu ya kwanza, ya tatu ndiyo inayotaja kizazi cha ndani. RAM ikiwa GB 16, mwombe muuzaji akuonyeshe kama ni vipande viwili vya 8 au kimoja cha 16. Viwili hufanya gemu zikimbie vizuri zaidi.

Niliporudi dukani yule kijana hakuwepo. Mwenzake akanionyesha risiti yangu ya kuandikwa kwa kalamu, chini imepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikarudi nyumbani nimenyongea, mpaka jirani yangu aliyesomea sheria akaniambia muhuri hauwezi kuifuta sheria. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma inataka bidhaa ilingane na maelezo uliyouziwa nayo. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, unajieleza mwenyewe bila wakili. Unaanza kwa kumpelekea muuzaji barua ya madai. Yangu nimeshaipeleka, na ndiyo sababu silitaji duka kwa jina hapa.

Kinachonisumbua ni ushahidi. Sina risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na jina lililotokea kwenye simu nilipolipa si jina la duka. Nililiona kabla sijaweka namba ya siri, nikaambiwa ni la bosi. Ukiona hivyo, simama hapo hapo. Dai risiti ya EFRIS, na waandike juu yake jina kamili la kadi, GB zake, prosesa na namba ya mashine. Hawa wangu niliwaomba waandike aina ya kadi, wakaandika "laptop 1".

Na wakikuambia hakuna intaneti ya kupakulia GPU-Z, nenda nayo kwenye flashi. Haichukui nafasi, na kuna toleo lisilohitaji kusakinishwa. Wakikataa usiichomeke, ondokeni.

Kama unaenda kununua wiki hii na programu hizi huzielewi, niandikie. Mdogo wangu yuko Kansanga, saa kumi jioni anakuwa ameshatoka darasani, na ameniambia atamsindikiza yeyote bila malipo.