TAHADHARI TANGA: anayeuza "nafasi" na "maswali" ya mtihani wa API 570 ni tapeli, msimpe hata mia

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Hii ni ndefu kidogo ila naomba muisome, hasa nyie welda, mafita, wapaka rangi na vijana wa QC (ukaguzi wa ubora) mnaozunguka na CV tangu habari za bomba la mafuta la Chongoleani zianze, maana kuna mtu anawaliza watu hapa mjini na mpaka naandika hii bado yuko kazini na Jumamosi ameita watu wengine.

Jamaa anajiita mkurugenzi wa kituo cha mafunzo. Jina la kituo silitaji kwa sababu kila grupu la WhatsApp ana jina lingine, nikitaja moja mtabaki mnaogopa hilo moja halafu kesho anakuja na lingine. Ofisi hana, anakutana na watu kwenye mgahawa upande wa Raskazone, anakuja amevaa rifleta mpyaaa na helmeti anaiweka mezani, ana laptop yenye stika za makampuni ya mafuta, anaongea vizuri sana huwezi kuamini. Anachouza ni "kifurushi cha API 570", yaani kile cheti cha inspekta wa mabomba kinachotolewa na API, taasisi ya mafuta ya kule Marekani. Kwa 1,850,000 anasema unapata usajili, nafasi ya mtihani, maswali yenyewe yatakayotoka, kadi uhakika, halafu "connection" ya kazi kwenye bomba. Ukilipa kwa awamu anaanza na 800,000, ikiingia tu unaanza kusikia ada ya kufungua faili, ada ya mhuri, ada ya kusafirisha kadi kutoka Marekani, na zote zinaenda kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke ambaye eti ni mhasibu.

Nimeyajuaje haya. Kuna kijana wa Makorora, welda mzuri kweli wa TIG, mama yake tunajuana naye miaka, amekuja kwangu na makaratasi akitaka nimuelekeze cha kusoma kwa sababu mimi cheti hicho ninacho. Mama alishachukua mkopo vikoba. Akanipa "barua ya mwaliko wa mtihani" niisome, nikaishiwa nguvu palepale. Nembo imevutwa mpaka imekuwa pana kama sahani, neno Washington limeandikwa "Washngton", mtihani unafanyika Jumapili ukumbini hapahapa Tanga, na chini wamekuandikia uje na penseli ya 2B na kifutio. Penseli jamani!

Mtihani wa 570 haufanywi kwa penseli. Unafanyika kwenye kompyuta kwenye vituo vya Prometric, kampuni ya kusimamia mitihani, nafasi unapanga mwenyewe kwenye mtandao baada ya API kukubali maombi yako, kuna madirisha ya mtihani matatu tu kwa mwaka na kila dirisha lina tarehe yake ya mwisho ya kuomba. Maswali ni 170, ila yanayohesabiwa ni 140, hayo 30 mengine ni ya majaribio na hujui yapi ni yapi. Sehemu ya kwanza maswali 110 bila kitabu, ya pili 60 ukiwa na vitabu, katikati mnapumzika mnakula, siku nzima inaisha hapo. Na hivyo vitabu vya sehemu ya pili huingii navyo kwapani, vinakuwa kwenye skrini hukohuko. Sasa jamaa anauza pia "vitabu vilivyowekewa alama utakavyoingia navyo", 250,000 kwa seti. Utaingia navyo wapi? Pale mlangoni hata saa ya mkononi unaacha.

Twende kwenye hayo maswali, maana hapo ndo watu wengi wananasa. Kijana alishatumiwa PDF, "maswali halisi 200 na majibu". Nimekaa nayo jioni moja. La kwanza lililonishtua linauliza presha ya haidrotesti (kupima bomba kwa maji yenye presha) ya bomba jipya chini ya ASME B31.3, kanuni ya Marekani ya mabomba ya mitambo, jibu wameweka mara 1.3 ya presha ya usanifu. Sio! B31.3 ni mara 1.5 na unaishikilia angalau dakika 10. Hiyo 1.3 ni ya matanki ya presha ya ASME Section VIII, yaani jamaa ameokota maswali ya API 510, mtihani wa hayo matanki, akabadilisha kichwa cha karatasi tu. Lingine, bomba la Klasi 1 (lile ambalo likivuja madhara yake ni makubwa zaidi), unene wa sasa milimita 8, unaotakiwa usipungue ni 5, linaliwa na kutu milimita 0.25 kwa mwaka, je ukaguzi wa unene unaofuata usizidi miaka mingapi. Jibu lao 12. Sasa hesabu unaifanya hivi: 8 toa 5 zinabaki 3, gawa kwa 0.25 unapata 12, huo ndo uhai uliobaki, hujamaliza bado, 570 inataka nusu ya uhai uliobaki ambayo ni 6, halafu unalinganisha na kikomo cha klasi ambacho kwa Klasi 1 ni miaka 5, kidogo ndo kinachukuliwa. Jibu 5. Mtu anayekuuzia 12 anakufundisha kufeli, na ukifaulu kwa bahati mbaya anakufundisha kuacha bomba la gesi linaliwa miaka saba zaidi ya inavyoruhusiwa watu wakiwa chini yake.

Na hata kama yangekuwa maswali halisi, kabla ya mtihani unakubaliana na masharti ya kutotoa wala kutumia maswali, wakikubaini matokeo yanafutwa. Kwa hiyo anayekuambia anayo ya kweli anakuuzia kitanzi, na anayekuuzia ya uongo anakuuzia karatasi. Chagua.

PDF ya kiwango chenyewe cha API 570 aliyompa ni toleo la 3, la mwaka 2009. Limetoka la 4 mwaka 2016 na la 5 mwaka 2024. API inatoa karatasi bure kabisa kwenye tovuti yao inayoonyesha kwa kila dirisha la mtihani toleo lipi la kitabu kipi linatumika, na nyingine inayoonyesha mada zitakazoulizwa, 570 yenyewe, 571 ya aina za uharibifu, 574, 577 ya uchomeleaji, 578 ya kuhakiki aina ya chuma, B31.3, B16.5, Section V na Section IX za ASME. Hizo karatasi mbili ukizisoma tu unajua kitabu gani utafute, hulipi mtu.

Kingine alichomdanganya kijana, na hiki kimeniuma kuliko hela, ni kwamba eti bila 570 hakuna atakayeajiriwa kwenye bomba. Bomba la Hoima hadi Chongoleani ni kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko upande wetu, kwa hiyo naelewa kwa nini kila mtu Tanga anataka kugusa. Lakini 570 ni ya mabomba ya mitambo ambayo tayari yanafanya kazi, kuyakagua, kuyakarabati, kuamua yaendelee au yashushwe presha. Ukaguzi wa ujenzi wa bomba refu la kuvuka nchi una cheti chake kingine, API 1169, na uchomeleaji wa mabomba hayo unafuata API 1104. Wewe ukiwa welda unachoulizwa saiti ni kipande chako cha majaribio, unachomelea mbele yao, kinapigwa eksirei au kinakunjwa, kikipita umepita. Hakuna fomeni anayemuuliza welda kadi ya inspekta. Huyu dogo mkono wake ungempa kazi, ameambiwa anunue kadi ya kazi nyingine kabisa.

Na sifa za kuomba hajazifikia, jamaa alijua na akachukua hela. API wanaangalia elimu na uzoefu: digrii ya uhandisi au teknolojia wanataka mwaka 1, stashahada au cheti cha ufundi cha miaka miwili wanataka 2, aliyemaliza sekondari 3, asiye na cheti chochote 5 au zaidi, na uzoefu huo uwe wa ndani ya miaka 10 iliyopita kwenye kusanifu, kujenga, kukarabati, kuendesha au kukagua mifumo ya mabomba, halafu mwaka mmoja katika huo uwe wa ukaguzi wenyewe au kusimamia ukaguzi. Kuchomelea mageti Ngamiani hakuhesabiki, tuambiane ukweli. Jamaa dawa yake ni "tutakuandikia barua ya uzoefu", na kweli ameiandika, ina mhuri wa mkandarasi ambaye dogo hajawahi kukanyaga getini kwake. Hiyo barua ina jina la dogo na sahihi ya dogo. Likibumbuluka anayeitwa polisi ni yeye.

Nimeulizwa kama kadi inaweza kughushiwa ikapita. Mara moja labda, kwa mwajiri mvivu. API ina sehemu kwenye tovuti yao ya kutafuta inspekta, mwenye kampuni anaandika jina anaona kama upo na cheti chako kinaisha lini, maana kinadumu miaka 3 kisha unahuisha. Dakika mbili hazifiki. Ukikamatwa na kadi feki saiti moja, maprojekti haya watu ni walewale wanahamahama, supavaiza wa hapa kesho yuko Mtwara keshokutwa yuko Msumbiji na anakukumbuka.

Sasa msinielewe vibaya, walimu wa kweli wapo na wengine wanatoza hela nyingi na wanastahili. Mimi sijasema usisome kwa mtu. Ila API haikulazimishi kupita kwa mwalimu yeyote, kwa hiyo anayesema "bila kozi yetu huruhusiwi kuomba" muongo. Mwalimu wa kweli anakufundisha halafu anakuambia nenda kafungue akaunti yako mwenyewe kwa barua pepe yako, jaza mwenyewe, lipa mwenyewe kwa kadi ya benki moja kwa moja kwao, kwa dola. Hashiki nywila yako. Hakuahidi kufaulu. Muulize nambari yake ya cheti umtafute hukohuko kwenye tovuti, wa kweli anakutajia huku anakunywa chai, huyu wa kwetu nilipompigia nikajifanya mteja akasema nambari ni "siri ya kiusalama". Halafu msidanganyike na karatasi ya BRELA (wakala wa usajili wa biashara), ameibandika kwenye status kila siku, ukiivuta karibu ni jina la biashara la kuuza vifaa vya ofisi.

Kwa mliokwisha kulipa, fanyeni haraka. Kama ni ndani ya muda mfupi piga kwa mtandao wako wa simu omba muamala uzuiwe, hela ikishatolewa kwa wakala basi. Usifute meseji hata moja, piga skrinshoti na zionekane tarehe na namba, pakua taarifa ya miamala, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ufungue jalada, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na udanganyifu wa namna hii umo. Ile namba itume TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa meseji kwenda 15040. Kama ulimtumia picha ya pasipoti, NIDA na vyeti, angalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#, ukikuta usiyoijua ikataeni kwa mtandao husika mapema. Na kama alikufungulia akaunti ya API kwa jina lako, waandikie API wenyewe uwaeleze kabla hawajaiona ile barua ya uzoefu ya kughushi.

Wengi wanaona aibu kusema, hasa wale wakubwa zaidi, nimeshaongea na wawili, mmoja wa Mabawa mwingine wa Duga, wote walidhani wako peke yao na wote wana "barua" ileile yenye Washngton. Njooni inbox tuunganishe risiti, jalada moja lenye watu kumi linasikilizwa kuliko kumi la mtu mmojammoja, majina yenu sitayaweka popote.

Na kina mama wa vikoba, mkiletewa ombi la mkopo wa "ada ya API", kabla hamjafungua sanduku mwambieni mkopaji awaonyeshe akaunti aliyoifungua mwenyewe kwenye tovuti ya API na ujumbe wa kukubaliwa wenye jina lake. Akisema ipo kwa mkurugenzi, fungeni sanduku.