Thomas na mibuyu ya kaki: seti ya treni ya umeme baada ya miezi tisa

Mimi ni fundi cherehani, Majengo hapa Dodoma, na leo sisemi habari za nguo. Mwanangu wa miaka saba amelogwa na Thomas, ile treni ya bluu yenye uso, namba 1 ubavuni. Anamwangalia kwenye simu yangu mpaka wateja wanapiga hawanipati. Desemba iliyopita shemeji yangu anayeishi Marekani alimletea seti ya umeme: Thomas mwenyewe, mabehewa yake mawili Annie na Clarabel, reli za kutosha kuzunguka, kiboksi cha kuongeza na kupunguza mwendo, na transfoma ya kuchomeka ukutani. Alisema ametoa dola 200 na ushee. Moyoni nikasema hela hiyo ni cherehani ya pili.

Kwanza kabisa, kabla hujachomeka chochote, geuza hiyo transfoma usome maandishi ya nyuma. Yangu imeandikwa 120V. Umeme wetu ni 230. Mimi somo hili nililipia mwaka juzi kwa pasi ya mtumba kutoka Japani, ya volti 100: ilinuka, ikafuka moshi, ikanyamaza. Safari hii nilikwenda kwa fundi redio akanitafutia transfoma ya kushusha umeme, shilingi 40,000, na adapta ya plagi, maana zile pini bapa za Marekani haziingii kwenye soketi zetu. Ukiagiza seti kama hii, ihesabu hela hiyo kwenye bei.

Kichwa chenyewe sina neno nacho. Ni kizito mkononi, rangi imepigwa safi, na macho yanahama kushoto na kulia kadiri magurudumu yanavyozunguka. Mara ya kwanza mama yangu alipoyaona yakimgeukia alisogeza kiti. Mimi nasikiliza mota toka asubuhi mpaka jioni, najua mota inayolalamika na mota inayofanya kazi yake. Hii ya Thomas inavuma sauti moja, hata ukiipunguza mpaka anatembea kama mtu anayetoka msibani.

Sakafuni usiiweke, hasa nyumba ya fundi nguo. Siku ya tatu aligoma katikati ya kona. Nikamlaza chali, nikawasha taa ya cherehani, nikakuta uzi wa kijani umejisokota kwenye ekseli ya mbele, mizunguko kama ishirini, umekaza utadhani nimeushona. Nikautoa kwa kibano na wembe. Hapo ndipo nilipokwenda kwa seremala.

Plaiwudi ni futi nne kwa nane. Seremala alishaweka msumeno katikati: "Mama, nne kwa nne inakutosha, na kipande kingine unabaki nacho." Nikavuta tepu yangu shingoni. Reli zikiungwa zote zinachukua inchi 56 kwa 38. Nne kwa nne ni inchi 48, Thomas angekuwa anatumbukia kila mzunguko. Tukakata futi tano. Fundi nguo hakati kwa macho.

Kosa langu la pili lilikuwa ujuaji. Nilitia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli. Tone la cherehani kwa treni hii ni ndoo. Mafuta yakashuka kwenye magurudumu, magurudumu yakapaka reli, vumbi likaja likakaa juu yake, na baada ya siku mbili Thomas anasimama, anashtuka, anasimama tena. Umeme wake unapita kwenye reli zenyewe na kuingia kwa magurudumu, kwa hiyo utando kidogo tu wa uchafu ni sawa na Luku kuisha. Nilifuta reli zote kwa kitambaa cheupe na spiriti. Kitambaa kikatoka kama cha kushikia sufuria ya kuni. Siku hizi natia mafuta kwa ncha ya sindano. Wakati wa mvua nilikuwa nafuta mara moja kwa wiki, lakini tangu upepo wa kiangazi uanze ni kila siku kabla ya kucheza. Hilo mlijue, wenzangu wa Dodoma.

Sodor, kile kisiwa anachoishi Thomas, haimo ndani ya boksi. Utakachopata ni mduara mrefu, basi. Mwanangu alilia kidogo. Tukaanza kujenga wenyewe, na kwa kuwa Sodor hatujaiona tukajenga tunapopajua. Mlima Simba ni sponji ya godoro niliyoichonga kwa mkasi, nikapaka gundi na kunyunyiza udongo uliochekechwa kwa chujio la chai. Mibuyu minne ni mabaki ya kaki za kaptula za shule, imejazwa pamba, matawi ni waya. Shamba la zabibu ni pini na uzi wa kijani, mistari sita, na ndilo lililonichosha kuliko gauni la harusi. Stesheni ni boksi la viatu.

Nilidhani tunamharibia kipindi chake. Kumbe hadithi zenyewe zilianza nyumbani: mchungaji wa Uingereza, Wilbert Awdry, alianza kumsimulia mwanawe aliyelala na surua mwaka 1943. Na kipindi cha runinga, kilichoanza 1984, kwa miaka mingi hakikuwa cha kompyuta. Walijenga Sodor mezani, wakaendesha treni ndogo kwenye reli na kupiga picha. Kwa hiyo kwa seti hii huigizi katuni, unafanya kazi ileile waliyofanya wao. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake, kuliko hata macho yanayozunguka.

Ubishi uliobaki nyumbani ni wa vipimo. Seti ni ya kipimo cha HO, yaani kitu halisi kimegawanywa kwa 87. Kati ya reli na reli ni milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata 1,435, upana wa reli ya SGR. Mama yangu anataka iitwe treni ya Kigoma, ile aliyokuwa akipandia stesheni ya Bahi, ya reli ya Wajerumani iliyofika Dodoma 1910. Reli hiyo ni ya mita moja. Kwa kipimo hiki ingekuwa na milimita 12 hivi. "Bibi, hii ni SGR," mtoto anamwambia. "SGR gani inatoa moshi kichwani?" Nami nimenyamaza, kwa sababu Thomas kweli ana bomba la moshi.

Jana mtoto alilaza simu yangu ubavu kwenye plaiwudi, usawa wa reli, nyuma ya mbuyu, akarekodi. Kwenye kioo mbuyu wa kaki ulikuwa mkubwa kama ule wa barabarani, vumbi kwenye reli likaonekana kama kokoto, na Thomas akatokea kona ya Mlima Simba akimwangalia bibi. Mama yangu aliitazama mara tatu. Kisha akauliza kwa nini Bahi hatujaiweka. Boksi la viatu la pili ninalo. Zinazohitajika ni reli za kuchepukia, na hizo shemeji ameshaniambia zinauzwa kando.