Programu za "kufuta" kivuli cha kioo cha simu: usizilipie

Duka la programu limejaa programu zinazodai kuondoa kivuli kilichoganda kwenye kioo: kibodi inayoonekana hata ukiwa unatazama picha, au mstari wa saa na chaji usiofutika juu ya video. Nyingi ni za bure zenye matangazo, nyingine zinauzwa. Ukizifungua, karibu zote zina mbinu moja. Kioo kizima kinawaka nyekundu, kijani, bluu na nyeupe kwa kupokezana, na unaambiwa uiache simu hivyo kwa dakika kadhaa au usiku kucha. Kama kioo chako ni cha aina ya OLED na kweli kimeungua, yaani kivuli ni cha kudumu, pesa hiyo imepotea.

Sababu iko kwenye kioo chenyewe. Katika OLED, kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha) hujiwakia yenyewe kwa kemikali za kikaboni, na kemikali hizo huchakaa kadiri zinavyowaka. Bluu huchakaa upesi kuliko nyekundu na kijani. Ndiyo maana katika vioo vingi sehemu ya bluu ya pikseli hutengenezwa kubwa zaidi. Mahali ambapo kitufe cheupe kimekaa muda mrefu, bluu imechoka kuliko majirani zake, kwa hiyo unabaki na doa lenye rangi ya manjano au waridi. Kwa hiyo kile unachokiita kivuli ni pikseli zilizozeeka kabla ya wenzake, na hakuna programu inayorudisha kemikali iliyokwisha.

Kuwasha rangi zote kwa zamu huzeesha kioo kizima kwa kiwango kimoja, na tofauti inabaki palepale. Zipo programu chache zenye akili zaidi, zinazoonyesha picha iliyogeuzwa rangi ili kuzeesha sehemu ambazo bado ni nzima. Hizi zinaweza kupunguza kivuli kweli, lakini kwa gharama ya kufifisha kioo chote, na ukikosea mpangilio wa picha unaongeza doa jipya. Zaidi ya hapo, mwangaza wa juu kwa saa nyingi huipasha simu moto, hasa ikiwa kwenye chaji, na joto ni adui mwingine wa OLED. Na mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga asizitazame kabisa rangi zile zinazomemeteka.

Basi mbona wapo wanaozisifu? Kuna kivuli cha aina nyingine, cha muda tu, ambacho hutokea hata kwenye LCD, yaani kioo kinachoangazwa na taa iliyo nyuma yake, pale picha ikikaa sana bila kubadilika. Hicho hutoweka chenyewe. Ukizima simu kwa saa chache kinaondoka, na programu ikiwa ilikuwa inawaka wakati huo, sifa inaenda kwake.

Kabla ya kugusa programu yoyote, pima. Fungua picha ya kijivu tupu ijaze kioo, weka mwangaza katikati, ingia chumba chenye giza. Usishushe mwangaza hadi chini kabisa, kwa sababu hapo hata kioo kipya kinaweza kuonyesha mabaka. Rudia kwa nyekundu, kijani na bluu. Kivuli kikijitokeza zaidi kwenye bluu, ni uchakavu. Kisha piga skrinishoti na uitazame kwenye simu nyingine. Ikiwa kivuli kimo ndani ya skrinishoti, tatizo ni programu fulani inayochora juu ya skrini, wala kioo hakina kosa. Kama hakimo, zima simu usiku mmoja, upime tena asubuhi. Kilichobaki asubuhi hakitoki.

Watengenezaji wenyewe wanajua hivyo. Simu ya Google, Pixel 2 XL, ilipolalamikiwa mwaka 2017 kwa kioo kuungua, Google haikutoa programu ya kufuta. Ilileta sasisho linalofifisha vitufe vya chini visipotumika na kupunguza kidogo mwangaza wa juu kabisa, ikaongeza dhamana hadi miaka miwili. Apple nayo, kwa simu zake za OLED, inashauri kuepuka picha isiyobadilika kwenye mwangaza wa juu kabisa. Kinga hiyo unayo tayari kwenye mipangilio, bila kulipa. Weka kioo kijizime baada ya sekunde 30. Acha mwangaza ujirekebishe wenyewe. Washa mandhari meusi, maana kwenye OLED pikseli nyeusi imezimwa kabisa. Ondoa vitufe vitatu vya chini, utumie kutelezesha kidole. Saa inayowaka muda wote kioo kikiwa kimefungwa si hatari sana kwa sababu simu huisogeza kidogokidogo, ila ukiweza kuiwasha kwa kugusa tu, afadhali. Wanaohitaji uangalifu zaidi ni madereva wanaoacha ramani wazi juani siku nzima: hapo mwangaza wa juu, joto na picha iliyotulia vinakutana.

Kioo kikishaungua kiasi cha kukera, dawa ni kukibadilisha. Muulize fundi swali moja kwanza: anafunga OLED au LCD ya kuiga? LCD ya kuiga ni rahisi na haiungui hivi, lakini mara nyingi ni nene zaidi, nyeusi yake ni ya kijivu na inakula chaji zaidi. Kama simu inasoma alama ya kidole kwa mwanga chini ya kioo, kisomaji hicho hakitafanya kazi, kwa kuwa mwanga haupiti kwenye taa ya nyuma ya LCD. Kioo kilichotolewa kwenye simu iliyotumika kinaweza kuwa na kivuli chake tayari. Mwambie fundi akiunganishe na kukiwasha kabla ya kupaka gundi, ukipime kwa ile picha ya kijivu.