Joto la Bati na Mwanga wa Chumba: Nini Ununue Kwanza Unapokarabati Nyumba Dar

Saa nne usiku, mwezi wa Februari, nilipanda juu ya stuli chumbani kwetu Tabata nikaweka kiganja kwenye silingibodi. Jua lilikuwa limezama zamani, lakini ubao ulikuwa bado na moto kama sufuria iliyoepuliwa dakika chache zilizopita. Pangaboi lilikuwa linazunguka kwa nguvu zake zote, na lilichokuwa likitushushia ni hilo joto la darini. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimelipia vigae vipya vya sakafu. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza aanzie wapi kukarabati nyumba Dar, namwambia aanzie juu.

Nazungumzia nyumba iliyo ya kawaida kwetu: tofali za saruji, kenchi za mbao, paa la bati, na mwenye nyumba anayetaka kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake. Nimepanga vitu kwa jinsi vinavyorudisha thamani ya shilingi yako. Bei sikuandika, kwa sababu Kariakoo hubadilika hata kati ya duka na duka la jirani. Uliza bei ya mita moja ya mraba, siyo ya roli, ndipo ulinganishe.

Kuzuia joto

Namba moja, bila ubishi, ni foili ya kuzuia joto, ile karatasi ya fedha inayouzwa kwa roli. Bati la rangi nzito kwenye jua la saa saba mchana hupita nyuzi 60, na sehemu kubwa ya joto lake hushuka kama mionzi, vile unavyolisikia usoni ukikaa karibu na jiko la mkaa. Uso wa alumini unaong'aa huachia mionzi kidogo sana kupita kwenda chini. Lakini hufanya hivyo kukiwa na nafasi ya hewa, walau sentimita 2.5, kati yake na bati. Foili ikigusana na bati hupokea joto kwa kugusana na kulishusha moja kwa moja, na hela yako imepotea.

Hapa ndipo nilipoumizwa. Fundi wangu wa kwanza aliitandaza foili juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati, akapigilia bati juu yake. Kwa macho ilipendeza. Mchana wa kwanza wa jua nilipanda darini na sikuona tofauti yoyote. Tulifungua upande mmoja wa paa na kurudia, safari hii foili ikalala juu ya kenchi na chini ya papi. Papi ya mbili kwa mbili inakupa kama sentimita 5 za hewa, na hizo zinatosha. Kama nyumba imeshaezekwa, huna haja ya kung'oa bati: panda darini, pigilia foili upande wa chini wa papi kwa vipande vyembamba vya mbao, anza pembeni ukielekea katikati. Kama foili inang'aa upande mmoja tu, elekeza upande huo chini, maana vumbi likitua juu ya mng'ao linaua kazi yake.

Kuhusu kiasi cha kununua: chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita 16 za mraba sakafuni, lakini paa limeinama na kila kipande kinatakiwa kimlalie mwenzake kama sentimita 15. Hesabu mita 20. Wengi hupima sakafu, wakarudi dukani mara ya pili wakalipa tena nauli ya bajaji.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Alumini inapitisha umeme. Kule Australia, kati ya 2009 na 2010, vijana wanne walikufa wakifanya kazi katika mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto darini, watatu kati yao kwa kupigwa na umeme. Zima meni swichi kabla hujapanda, kagua kila waya uliochubuka, na usipige pini wala msumari mahali usipoona kinachopita nyuma yake.

Namba mbili ni rangi nyeupe juu ya bati. Watu wanaidharau, nami sielewi kwa nini, maana inazuia joto kabla halijaingia na haikulazimishi kugusa dari. Nunua rangi ya bati, ya maji au ya mafuta, iliyotengenezwa kwa paa, siyo ile ya ukutani iliyobaki. Osha bati kwanza, kwangua kutu, paka wakati wa kiangazi. Masika yakishaanza mwezi wa Machi umechelewa. Udhaifu wake ni vumbi na ukungu: weupe ukifubaa, faida inapungua, kwa hiyo paa litataka kuoshwa.

Saidia hiyo foili na rangi kwa kitu cha tatu ambacho karibu ni bure: matundu ya hewa kwenye pembe za paa, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Joto lililonaswa kati ya bati na dari lazima lipate pa kutokea, na upepo wa kaskazi wa Desemba hadi Machi upo kwa ajili hiyo.

Sufi ya kioo, ile pamba ya nyuzi za kioo, naiweka namba nne. Inafanya kazi vizuri, na ndiyo bora kuliko zote kwa kupunguza kelele za mvua juu ya bati. Ukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa chumbani, ipandishe daraja. Ila inawasha ngozi na koo, kwa hiyo vaa barakoa, glavu na shati la mikono mirefu. Na ikilowa haifai kitu. Ziba kila tundu la msumari kwenye bati kabla hujaitandaza juu ya jipsam, la sivyo mvua ya vuli itaigeuza kuwa godoro la maji na dari itashuka nayo.

Dari ya PVC peke yake siyo kizuia joto. Nzuri bafuni, inaoshwa kwa kitambaa, basi. Mwisho kabisa ni maboksi ya stairofomu yanayopangwa darini. Hushika moto na kutoa moshi wa sumu, na yakilalia nyaya za umeme plastiki ya waya hukakamaa na kupasuka baada ya muda. Sitaki kuyaona juu ya kitanda cha mtu ninayempenda.

Kama dari yako ya zamani ni ya asibesto, usiikate wala kuipiga msumeno. Vumbi lake huua mapafu polepole.

Taa

Kwenye taa uamuzi ni mwepesi zaidi. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 inashinda kila kitu. Inatoa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), sawa na glopu ya zamani ya wati 60. Chukua nyumba yenye taa sita zinazowaka saa tano kila usiku: kwa glopu za zamani ni uniti 54 kwa mwezi, kwa LED ni 8 na pointi. Mteja mdogo wa TANESCO anayetaka kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi ataona tofauti hiyo kwenye LUKU mwezi wa kwanza. Enaji seva za mrija uliojikunja ziache; zina zebaki ndani na LED zimeshazipita.

Dukani fanya hivi. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye ubao wake wa majaribio, washa kamera ya simu na uielekeze kwenye balbu. Ukiona mistari mizito inakimbia kwenye kioo, mwanga huo unapepesa, na utakuchosha macho ukisoma. Nilijaribu balbu tano siku moja, mbili zikanionyesha mistari hiyo, na zote zilikuwa zinaonekana sawa kwa macho matupu. Soma lumeni kwenye boksi badala ya wati, tafuta alama ya TBS, na hakikisha unajua kama holda zako ni za pini au za kuzungusha.

Rangi ya mwanga pia ichague wewe. Maduka mengi yatakupa 6500K bila kuuliza, ule weupe unaoelekea bluu. Jikoni sawa. Chumbani na sebuleni omba 3000K, wa manjano, unaotuliza. Sebule ya mita 4 kwa 4 inatosheka na balbu tatu za wati 9 zilizotawanywa, kuliko moja kali katikati.

Mrija wa LED wa futi nne, wati 18, ni chaguo la pili, na kwa jikoni ni la kwanza: mwanga wake unasambaa na hauachi kivuli cha mkono wako juu ya kisu. Kama unaufunga kwenye fremu ya zamani, fundi aondoe balasti, kile kifaa kilichokuwa kikiwasha mrija wa zamani.

Spoti laiti za kuzamishwa kwenye jipsam naziweka tatu, ingawa ndizo zinazopendwa. Kila moja ni tundu darini, na kila tundu ni mlango wa joto. Kifaa chake cha umeme kikifunikwa na sufi ya kioo huchemka na taa hufa mapema. Acha uwazi kukizunguka. Nyaya zenyewe pia zisizikwe ndani ya sufi, zipite juu yake ndani ya paipu. Taa za utepe ni pambo, zinunue hela ikibaki.

Kufunga holda na balbu ni kazi yako. Kuvuta laini mpya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Na kabla jipsam haijafungwa, mwambie aweke ndoano ya pangaboi kwenye kenchi yenyewe, hata kama feni utainunua mwaka kesho.