Vocha ya Section 8 kwa familia isiyo na nyumba: uzoefu wangu hapa Kentucky

Naandika tathmini hii ya nyota nikiwa bado na hasira, maana nikisubiri zipoe nitaanza kumwonea huruma mtu asiyestahili.

Vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali kuu wa kulipia kodi, hii ambayo wote huku tunaiita Section 8, ni kitu kizuri kilichowekwa kwenye mikono mibaya. Hapana, ngoja niseme vizuri. Vocha iko mikononi mwangu mimi. Mlango ndio uko mikononi mwa mtu mwingine, na huyo mtu sheria ya hapa inamruhusu kabisa kunifungia. Mambo ya fomu na nani anastahili sitayagusa, watu wa mashirika ya wakimbizi watakueleza. Mimi nataka kumzungumzia meneja mmoja wa nyumba, na maneno aliyomwambia binti yangu.

Tulivyofika hapo ni hadithi ya wengi. Mkataba uliisha, kodi ikapandishwa, na majira yale yale saa zangu za kazi zikapunguzwa ghalani. Karatasi ya mahakama ikabandikwa mlangoni. Tukaishia shelta ya familia, mimi na watoto watatu chumba kimoja, taa zinazimwa mtoto akiwa katikati ya hesabu zake za shule. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pale Kasulu, Tanzania. Foleni hainitishi, karatasi hazinitishi, kuitwa kwa namba hakunitishi. Lakini Nyarugusu hakuna aliyewahi kunitazama kama mwizi kwa sababu nimeshika karatasi ya msaada.

Siku vocha ilipotoka nililia kwa furaha. Marekani nzima, katika kila familia nne zenye sifa ya kupata msaada wa kodi wa serikali kuu, inayoupata ni kama moja tu. Waliobaki wako kwenye orodha ya kusubiri, au orodha yenyewe imefungwa na hata jina hawajaandikwa. Ofisi yetu ya hapa inayotoa vocha ilitanguliza familia zilizoko shelta, ndiyo maana tulipata. Mama mmoja wa Uvira tuliyekuwa naye mle akanikumbatia, akaniambia, "Dada yangu, Mungu amekutoa."

Kumbe nilikuwa sijatoka bado. Unachopewa ni ruhusa ya kwenda kutafuta nyumba, na siku zinahesabiwa. Kanuni inataka upewe siku zisizopungua 60. Zikiisha hujapata mwenye nyumba wa kukupokea, na ofisi haijakuongezea muda, vocha inakufa, inapewa mwingine. Nilipiga simu mpaka nikajua kwa pumzi tu kwamba mtu anataka kukata. Mazungumzo yanakwenda vizuri, nyumba ipo, njoo uione kesho. Ukitaja vocha, nyumba imeshachukuliwa. Wengine hawajisumbui hata kudanganya: hatupokei vocha, asante, kwaheri. Na wengi wanataka ada ya maombi kwanza, pesa ambayo hairudi hata wakikukataa baada ya saa moja.

Basi huyu meneja ninayemsema, yeye alikubali. Ndiyo maana ananiuma kuliko waliokataa. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, basi linapita karibu. Tulizungumza naye kwa simu, kwa Kiingereza, tukaelewana mpaka bei. Akajaza fomu ya ofisi, akasaini. Mwanangu mdogo alishachagua kona ya kulala.

Ikaja siku ya ukaguzi. Nyumba ya vocha lazima ikaguliwe ndipo serikali ilipe, na hilo mimi naliunga mkono, kwa sababu nimeona nyumba ambazo ndugu zetu wanapangishwa huku kwa kuwa hawajui wa kumlalamikia. Mkaguzi alikuwa mama mtaratibu, mwenye tableti. Alifungua bomba akaweka kiganja chini ya maji, akasubiri kimya mpaka yakapata moto. Akachomeka kidude chenye vitaa kwenye kila soketi. Akabonyeza kengele ya moshi, ikalia. Chumba cha watoto akainua dirisha, akaliachia, likashuka lenyewe, paa! Akaliinua tena, likashuka tena. Soketi ya jirani na sinki ikashindwa kipimo. Ngazi za mlango wa nyuma hazikuwa na pa kujishikilia. Akayaandika yote, akamwambia meneja kwa adabu kwamba ayarekebishe, yeye atarudi kuangalia tena. Mambo matatu. Fundi angeyamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mama yule alipoondoka, meneja hakuniangalia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, bado nimevaa kile kizibao cha kung'aa cha ghalani, na jina langu kifuani. Akamgeukia binti yangu, mtoto wa darasa la sita, akamwambia, "Mwambie mama yako hii nyumba nampa mtu anayefanya kazi."

Binti yangu hakutafsiri. Alinyamaza akashika begi lake. Nilikuwa nimeshamsikia, na yule bwana alijua kwamba nimemsikia. Nikamjibu kwa Kiingereza kile kile tulichopatania bei, kwamba kama ana neno aniambie mimi. Akasema anao watu wanaoitaka leo hii bila mkaguzi wa serikali kuingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo tukiwa bado kwenye ngazi.

Ndani ya basi mtoto akaniuliza, "Mama, kwani wewe hufanyi kazi?"

Hapo ndipo nyota zote zilipokwisha. Kwa programu, kwa ofisi, kwa Kentucky nzima, sifuri.

Na ngoja nilimalize hili la kufanya kazi, kwa sababu siyo yeye peke yake anayelisema, hata watu wetu kanisani wanalisema chini chini. Mwenye vocha analipa sehemu yake. Kwa kawaida ni kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato wanayokubali, na ofisi inamalizia iliyobaki moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mimi nalipa kutoka mfukoni mwangu kila mwezi, kwa pesa ya kubeba maboksi usiku. Wapo wenye vocha ambao ni wazee, wapo walemavu, na wapo wengi kama mimi wanaofanya kazi ambayo mshahara wake haufiki kwenye kodi ya mji huu. Yule bwana alikuwa anaongea na mfanyakazi aliyevaa nguo za kazi.

Nikauliza kama anaruhusiwa kufanya vile. Jibu liliniumiza upya. Sheria ya makazi ya Marekani ya mwaka 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake, dini yake au nchi aliyotoka, na baadaye wakaongeza ulemavu na kuwa na watoto. Pesa ya kodi inatoka wapi, haimo. Hilo limeachiwa majimbo. Massachusetts na California wamelikataza. Illinois nao, tangu 2023, na ndugu yangu aliyeko Chicago ananiambia kule wakitaka kukukataa inabidi watafute sababu nyingine. Hapa kwetu Louisville na Lexington zilikuwa zimejiwekea kanuni zao za kuwalinda wenye vocha. Mwaka 2024 bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kuizuia miji isiwe na kanuni za namna hiyo. Gavana Andy Beshear akaipinga kwa kura ya turufu, bunge likaipindua kura yake. Iowa walishafanya hivyo mwaka 2021, na Waswahili wako wengi kule pia. Kwa hiyo yule meneja hakuvunja sheria. Alikuwa mkatili tu, na ukatili huo una kibali.

Sasa nilisema sitamwonea huruma, na simwonei, ila upande wake upo na nitausema. Mwenye nyumba akikubali vocha, nyumba inakaa tupu wakati karatasi zinazunguka. Anasubiri mkaguzi, anasubiri marudio ya mkaguzi, anasubiri mkataba wake na ofisi, na hizo siku za kusubiri hakuna anayemlipa. Ofisi yetu simu haipokelewi mpaka ukate tamaa, na mtu uliyezoea kuongea naye unakuta hayupo tena, ameingia mpya asiyejua faili lako. Mwenye nyumba mwenye deni la benki anaona kila wiki inavyomla. Kuna ofisi za miji mingine huwapa wenye nyumba pesa kidogo ya kuwavutia wanapopokea vocha, na mfuko wa kulipia uharibifu. Hilo ningependa lifanyike kila mahali, hata kama moyo wangu hautaki yule bwana apate hata senti.

Lakini hakuna ucheleweshaji wa ofisi unaomtuma mtu mzima kupitishia dharau yake kwenye mdomo wa mtoto.

Muda ulipokaribia kwisha niliandika barua ya kuomba nyongeza, nikaambatanisha majina ya nyumba zote zilizonikataa. Walinipa. Tena barua ilijibiwa haraka kuliko simu yoyote niliyowahi kupiga, kwa hiyo hapo ofisi nawapa haki yao.

Nyumba tuliyopata ni ya mzee mmoja Mbosnia, mwenyewe alikuja huku mkimbizi miaka ya 1990. Siyo malaika. Ni mkali, anahesabu magari kwenye maegesho, hataki nguo zianikwe mbele. Ila kabla ya ukaguzi aliniomba ile orodha ya vitu ambavyo mkaguzi anaangalia, akapita nayo chumba kwa chumba na bisibisi mfukoni, akijibizana na madirisha kwa Kibosnia. Nyumba ikapita mara ya kwanza. Malipo ya kwanza ya ofisi yalichelewa, akanung'unika, lakini kwangu hakuja kugonga. Aliniambia kwamba mwaka 2020, korona ilipowafungia watu kazi, wapangaji wake wa kawaida walimpiga chenga miezi na miezi, ila fungu la vocha liliingia kila mwezi. Na hata sasa, saa zangu zikipungua naripoti ofisini, sehemu yangu inashuka, ya ofisi inapanda, yeye hapungukiwi kitu. Hiki ndicho wenye nyumba wengi hawataki kukisikia: mpangaji wa vocha akipoteza kazi, kodi yao haipotei naye.

Kwa hiyo sasa, nikiwa nimekaa kwenye meza yangu, watoto wana vyumba, nasemaje? Programu hii ilianza 1974 na imeingiza ndani mamilioni ya watu, mimi nikiwa mmoja wao. Bila vocha ningekuwa bado shelta au sebuleni kwa mtu. Nilitaka kuandika nyota nne. Halafu nikamkumbuka rafiki yangu mwenye ile vocha nyingine, ya dharura, zile 70,000 zilizotolewa 2021 wakati wa korona kwa watu wasio na makazi na wanaokimbia vipigo vya ndoa. Mwaka 2025 serikali ikazitangazia ofisi kwamba fungu hilo linaelekea kwisha 2026, mapema kuliko watu walivyotarajia. Yeye alishapata nyumba na kulipa sehemu yake bila kuchelewa, na sasa hajui nani ataimalizia kodi. Nikarudi kwenye tatu. Nikaandika kuhusu binti yangu hapo juu, nikarudi kwenye mbili, na mbili hizo zinabaki. Moja ni ya yule mama mkaguzi aliyekataa watoto wangu walale chini ya dirisha linaloanguka, na moja ni ya pesa inayofika kila mwezi. Mfumo unaomwacha mwenye nyumba aseme hapana bila sababu haupati ya tatu kutoka kwangu.

Kama uko shelta sasa hivi na bahasha ya vocha imekufikia, anza na mambo haya. Omba nyongeza ya siku mapema, kwa maandishi, na uandike kila nyumba iliyokukataa. Mpe mwenye nyumba orodha ya ukaguzi kabla mkaguzi hajaja. Usimruhusu mwanao awe mkalimani wako ofisini hata siku moja. Mpaka 2025 serikali kuu ilizielekeza ofisi zinazopokea pesa yake zikupe huduma kwa lugha unayoielewa, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, bila kulipia kitu. Bado uliza: sema "Swahili" dirishani, uombe wakuunganishe na mkalimani kwa simu. Na mtu kama yule meneja akimgeukia mtoto wako, msimamishe hapo hapo kabla hajamaliza sentensi.