Google Docs na PairDrop: zana za bure zisizoniangusha

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, na Google Docs, programu ya Google ya kuandikia mtandaoni, ndiyo mkono wangu wa kulia. Ninachokipenda zaidi ni hali ya mapendekezo: neno nililolifuta halipotei, linabaki limekatwa mstari, na mwenye andiko ndiye anayeamua kulikubali au kulikataa. Historia ya matoleo nayo huonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, ubishi unaishia hapohapo. Angalieni tu nafasi ya kuhifadhi: zile GB 15 za bure za akaunti ya Google zinabeba pia barua za Gmail na picha zenu.

Kuhamisha faili kutoka simu kwenda kompyuta, natumia PairDrop. Unafungua tovuti kwenye vifaa vyote viwili vilivyo kwenye Wi-Fi moja, unagusa jina la kifaa, unatuma. Haidai akaunti.